Kutazama Umati Katika Muziki wa Rege

  

Leo tutajifunza jinsi ya kuhudhuria muziki wa rege uwanjani, na jinsi ya kuwatazama watu waliokusanyika. Huenda mmoja wenu akauliza, "Je, kwenda kwenye muziki nako kwahitaji somo?" Naam, kwahitaji. Watu wengi humtazama mwimbaji tu, na umati waliomo wenyewe hawauoni. Basi leo tutageuka nyuma tuutazame.

Tutatumia mfano mmoja wa kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili, 1980, Rhodesia ilipata uhuru ikawa Zimbabwe. Sherehe ilifanyika katika uwanja wa Rufaro, katika mji mkuu ulioitwa Salisbury, ambao tangu 1982 huitwa Harare. Neno "rufaro" kwa Kishona maana yake ni furaha. Alikuja kupiga muziki Bob Marley wa Jamaika, kisiwa ambako rege ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1979 Marley alikuwa ametoa santuri iitwayo Survival, na ndani yake mlikuwa na wimbo wa kuwaunga mkono wapigania uhuru wa nchi ile. Alikuja kwa gharama zake mwenyewe, na vyombo vyake vikasafirishwa kwa ndege.

Sasa tuanze kutazama. Jambo la kwanza ni miguu na magoti. Hesabu nami polepole: moja, mbili, tatu, nne. Katika mapigo ya mbili na nne, gitaa hukata kwa ufupi. Katika pigo la tatu, ngoma kubwa huanguka kwa uzito. Na katika pigo la kwanza, ambalo muziki mwingi hulipiga kwa nguvu, mara nyingi ngoma ya rege hunyamaza. Hapo ndipo mwili hupata nafasi. Utaona watu wakikunja magoti na kuyumba pamoja, wala hawarukiruki. Chini ya yote hupita gitaa la besi, ambalo mtu hulisikia kifuani kabla ya masikioni. Katika bendi ya Marley, The Wailers, kazi hiyo ilifanywa na ndugu wawili wa tumbo moja: Carlton Barrett kwenye ngoma na Aston Barrett kwenye besi.

Jambo la pili ni vinywa. Mwimbaji hutoa, watu hupokea, kama tujuavyo katika ngoma zetu. Sikiliza ni maneno gani umati huyapokea kwa sauti kuu. Hayo ndiyo yanayowagusa. Watu wa Zimbabwe walikuwa wametoka katika vita vya miaka mingi, na wimbo uliotaja jina la nchi yao haukuwa burudani tu kwao.

Jambo la tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ni malango. Tazama nani yumo ndani na nani amebaki nje. Usiku ule wa Rufaro walialikwa wakuu wa nchi na wageni wa heshima. Mwana wa Malkia wa Uingereza, Charles, alikuwapo, na Indira Gandhi wa India pia. Lakini nje ya uwanja walisimama watu wengi wasio na mwaliko, nao ndio waliobeba taabu za vita. Waliposikia muziki waliusogelea, wakasukuma malango na kuingia. Polisi wakafyatua mabomu ya machozi. Moshi ukatambaa hadi jukwaani, muziki ukakatika, na waimbaji wanawake wa bendi wakaondolewa wakiwa na machozi machoni. Baadaye hali ilitulia na muziki ukaendelea.

Ndugu, msiseme upesi kwamba wale wa nje walikuwa wakorofi. Jiulizeni kwanza: sherehe ile ilikuwa ya nani? Tarehe 19 Marley alipiga tena katika uwanja ule ule, bure, kwa ajili ya wananchi. Makumi ya maelfu ya watu wakaja. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Mei, 1981, Marley alifariki kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 36.

Kabla hatujamaliza, nataka mjue hatari ya umati. Chora ardhini mraba wa meta moja kila upande. Wakisimama humo watu wawili au watatu, kila mmoja aweza kugeuka. Wakifika watano au sita, hakuna tena anayejiendesha mwenyewe. Umati huenda kama maji, na aliye nyuma hajui kwamba wa mbele anabanwa. Wengi wanaokufa hapo hufa kwa kukosa nafasi ya kupumua, wakiwa bado wamesimama. Kwa hiyo, ukiingia, angalia njia za kutokea. Ukibanwa, kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kuvuta pumzi. Usishindane na msukumo. Ukipungua, sogea upande kidogo kidogo. Kitu kikianguka, kiache. Mwenzako akianguka, mwinueni mara moja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Pigeni makofi katika mapigo ya mbili na nne, mkikanyaga chini katika pigo la tatu. Miili yenu yafanya nini katika pigo la kwanza?

2. Katika sherehe ya mwisho kijijini au mtaani kwenu, nani walikaa mbele na nani walisimama nje? Nani aliamua hivyo?

3. Kama ninyi mngekuwa wasimamizi wa Rufaro usiku ule, mngepanga nini mapema ili watu wasisukumane malangoni?

Mwenye kujua kusoma na awasomee wenzake maswali haya, na mzee wa kikundi ahakikishe kila mtu amesema. Kwaherini hadi somo lijalo.