Runinga mpya isichaguliwe kwa macho peke yake

Ununuzi wa runinga si jambo dogo katika nyumba ya mwalimu. Mara nyingi fedha zenyewe hutoka katika chama cha akiba na mikopo, nazo huendelea kukatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi, hata baada ya chombo hicho kuzoeleka nyumbani kama kabati. Kwa hivyo inastaajabisha kuona watu waliosoma, ambao hawanunui ngege mmoja pale Dunga bila kumkagua macho na matamvua, wakiingia katika maduka ya Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu na kutoka na runinga ya skrini bapa waliyoitazama kwa dakika kumi tu.

Katika dakika hizo kumi walitazama nini? Walitazama maua, kasuku na maporomoko ya maji. Picha hizo hutoka katika flashi iliyochomekwa nyuma ya runinga, zimepigwa kwa kamera za hali ya juu, na mwangaza wenyewe umepandishwa makusudi ili uushinde mwanga wa duka. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dukani, hata kibaya huweza kujiuza iwapo kitapambwa kwa kasuku. Mnunuzi na amwombe muuzaji aunganishe antena ya kawaida, amwonyeshe taarifa ya habari au mechi ya kandanda. Autazame uso wa msomaji habari, kisha ajongee kando, aangalie kama rangi zinafifia akiwa upande ule ambako watoto ndiko hukaa. Muuzaji anayekataa ombi hilo amekwisha kumjibu.

Walimu wa Kiswahili huwaeleza wanafunzi kwamba neno runinga linahusishwa na ubunifu wa marehemu Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu. Kwa bahati mbaya, maandishi yaliyo kwenye kasha la runinga hayana Nabhany wa kuyafafanua. Lililo muhimu kuliko yote huwa limeandikwa kwa herufi ndogo: DVB-T2. Huo ndio mfumo wa matangazo ya dijitali yanayopokewa kwa antena nchini Kenya. Matangazo ya runinga yalianza nchini mwaka wa 1962 kwa mitambo ya analojia, na mitambo hiyo ilizimwa mwaka wa 2015, kulingana na makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka wa 2006. Wengi wanakumbuka mvutano wa Februari 2015, ambapo kwa zaidi ya wiki mbili wananchi walikosa matangazo ya Citizen, NTV na KTN. Runinga yenye kipokezi cha T2 hunasa matangazo ya bure bila king'amuzi. Isiyo nacho humlazimu mwenyewe arudi dukani kununua king'amuzi, rimoti ya pili na waya mwingine.

Hapo ndipo wanaponaswa wale wanaopenda runinga zilizotumika Uingereza. Zina sifa nzuri: volteji yao inalingana na yetu, na hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu. Lakini Waingereza walitumia mfumo wa DVB-T kwa miaka mingi kabla ya kuongeza ule wa T2 kwa vituo vyao vya picha angavu. Runinga yao ya zamani yaweza kuwa imeandikwa "dijitali" kwa haki kabisa, na bado isione kituo hata kimoja cha Kenya.

Kuhusu 4K, hesabu yake ni nyepesi. Skrini hiyo ina nukta zipatazo milioni 8.3, nayo ya Full HD ina milioni 2 na ushei. Matangazo yanayonaswa kwa antena hapa nchini hayaji na nukta hizo milioni nane, basi runinga hulazimika kuzikisia. Anayelipia 4K na hana intaneti ya kutosha amenunua debe kubwa la kuchotea kikombe cha maji. Na hiyo intaneti yenyewe, filamu ya saa moja yenye picha angavu huweza kula zaidi ya gigabaiti moja.

Ukubwa nao usiwe wa kushindana na majirani. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Inchi 43 ni kama sentimita 109, na eneo la skrini hiyo ni karibu mara mbili ya ile ya inchi 32. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi pale Nyalenda au Manyatta, inchi 55 ni ukuta wala si runinga. Hata hivyo, ndogo mno nayo ina hasara yake. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala yalipeperushwa kwa redio na runinga. Mtoto aliyekaa nyuma ya ndugu zake wanne mbele ya kiskrini kidogo hakuweza kuisoma hesabu iliyoandikwa ubaoni. Kwa maoni yangu, inchi 32 hadi 43 zinatosha nyumba nyingi za huku kwetu.

Lakini adui mkubwa wa runinga katika ufuo huu ni mbingu. Jua la mchana huipasha nchi kavu joto, upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani, na alasiri mawingu huanza kunguruma juu ya vilima vya Nandi na Kisii. Usiku radi huhamia juu ya maji. Wanasayansi huliweka eneo la Ziwa Viktoria miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi zaidi duniani. Kile kifaa cha kulinda runinga, ambacho husubiri kidogo kabla ya kuruhusu stima iliyorejea, ni cha lazima, lakini hakizuii radi. Dawa ya radi ni kuchomoa plagi, na pamoja nayo waya wa antena, ambao wengi huusahau. Tena kibandiko cha nyuma kisomwe: runinga inayokubali volti 100 hadi 240 huvumilia stima dhaifu ya jioni kuliko ile ya 220 hadi 240. Ambako nguzo za stima hazijafika, zipo za volti 12 zinazotumia nishati ya jua.

Sauti isisahauliwe. Wembamba wa skrini bapa umewabana spika, na wengi wao wametazama chini au nyuma. Mvua ikianza kupiga mabati, mtazamaji hubaki na picha za mabubu.

Risiti na dhamana vipokewe papo hapo, skrini ikiwa imewashwa na kukaguliwa, kwa maana kioo kikipasuka gharama ya kukibadilisha hukaribia bei ya runinga mpya. Nao wanaosafirisha mzigo huo hadi Luanda K'Otieno na kuvuka kwa feri kwenda Mbita wausimamishe wima ndani ya kasha lake njia nzima, wala wasiulaze chini ya magunia ya omena.