Juhudi za Wanaobaki: Chumba cha Habari Kinapopungukiwa Watu

Chumba cha habari kinapopunguza wafanyakazi, kazi yenyewe haipungui kwa kiwango hicho hicho. Gazeti hubaki na kurasa zake, redio hubaki na taarifa zake za kila saa, na juu ya hayo zipo tovuti, video na kurasa za mitandao ya kijamii zinazodai kulishwa mchana na usiku. Majukumu ya walioondoka hugawiwa waliobaki, mara nyingi kwa kauli ya mdomo katika kikao cha asubuhi, na uongozi hutarajia kwamba kwa hofu ya kuwafuata wenzao, au kwa kuipenda kazi, wataongeza bidii na pengo litazibika. Matarajio hayo yana ukweli wa muda mfupi, lakini yanasahau kwamba juhudi za mwanadamu kazini zina kikomo, na kwamba zikifika hapo huanza kuhama, zikitoka katika kazi isiyoonekana na kuingia katika kazi inayoonekana. Katika uandishi wa habari, kazi isiyoonekana ndiyo inayobeba ukweli wa habari.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana vizuri Marekani, ambako kwa mujibu wa takwimu za kituo cha utafiti cha Pew Research Center, wafanyakazi wa vyumba vya habari vya magazeti walipungua kutoka takriban 71,000 mwaka 2008 hadi takriban 31,000 mwaka 2020, kwa sababu matangazo ya biashara, yaliyokuwa yakilipa sehemu kubwa ya gharama za magazeti, yalihamia intaneti. Mei 2013 gazeti la Chicago Sun-Times liliwaachisha kazi wapigapicha wake wote 28, akiwamo John H. White, mshindi wa tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1982, na waandishi waliobaki wakapewa mafunzo ya msingi ya kupiga picha kwa simu. Baadaye gazeti lilikubaliana na chama cha wafanyakazi kuwarejesha wanne. Kilichopotea hapo kilikuwa kikubwa kuliko ubora wa picha, kwa maana mwandishi na mpigapicha wanaokwenda pamoja kwenye tukio ni mashahidi wawili, kila mmoja akiwa mahali pake na akisikia ambacho mwenzake hakukisikia, na anapobaki mmoja mwenye simu mkononi, ushahidi wa pili huondoka naye aliyeondoka.

Wataalamu wa tabia za watu kazini hutofautisha juhudi za wajibu, yaani zile ambazo mwajiri anaweza kuzidai na kuzipima, na juhudi za hiari, ambazo mfanyakazi huzitoa mwenyewe kwa kujali anachokifanya. Mwandishi anaweza kulazimishwa kuwasilisha habari 3 kwa siku. Hawezi kulazimishwa kumpigia simu mtu wa tatu ili kuhakikisha kwamba wawili wa kwanza hawakumdanganya. Juhudi za hiari hutegemea kile ambacho mtafiti Denise Rousseau, katika maandishi yake ya mwaka 1989, alikieleza kuwa mkataba wa kisaikolojia: imani aliyonayo mfanyakazi kuhusu yale ambayo yeye na mwajiri wake wanadaiana, hata kama hayakuandikwa popote. Wenzake wanapoondolewa na kazi zao kuwekwa mezani pake bila kuulizwa, imani hiyo huvunjika kimyakimya, na mshahara unaoendelea kuingia kila mwisho wa mwezi hautoshi kuirejesha.

Hofu nayo ina mipaka yake. Utafiti wa Joel Brockner na wenzake, uliochapishwa mwaka 1992, uliwachunguza wafanyakazi walionusurika katika upunguzaji na kuonyesha kwamba uhusiano wa wasiwasi na bidii hauendi katika mstari ulionyooka. Asiye na wasiwasi wowote wa kupoteza kazi haongezi sana, mwenye wasiwasi wa wastani huongeza, na aliyekata tamaa kabisa hupunguza, kwa kuwa haoni tena kwamba bidii yake itamwokoa. Kiongozi anayetangaza kwamba huenda kukawa na awamu nyingine ya kupunguza watu, kisha akanyamaza miezi kadhaa, huwa anawasukuma watu wake kutoka kundi la pili kwenda kundi la tatu, na huwa amechagua njia hiyo kwa kukaa kimya tu.

Jinsi juhudi zinavyohama huonekana vizuri zaidi katika habari ya mahakamani, ambayo ni miongoni mwa habari ngumu kuandikwa kwa usahihi. Kwa utaratibu wa zamani, mwandishi alikaa mahakamani akiandika, mpigapicha alisubiri nje, na jioni mhariri msanifu, yaani yule anayepitia lugha, mantiki na usahihi wa habari kabla haijachapwa, aliuliza maswali yake: mashtaka ni mangapi, jina la mshtakiwa linaandikwaje, kifungu cha sheria ni kipi, na je, shahidi alisema aliona au alisema aliambiwa? Siku hizi mwandishi huyo huyo hutakiwa kutuma taarifa fupi ya tovuti mara hati ya mashtaka inaposomwa, kupiga picha mshtakiwa anaposhuka garini, kukata kipande cha video, kuandika maneno ya mitandao ya kijamii, na mwishoni kuandika habari yenyewe. Shahidi wa pili anapopanda kizimbani, macho ya mwandishi yako kwenye simu. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anayehama kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuimaliza ya kwanza huacha sehemu ya umakini wake nyuma, na hivyo kuifanya ya pili kwa akili pungufu. Neno "aliambiwa" likisikika kama "aliona" katika hali hiyo, na mhariri msanifu akiwa ameshaondolewa, kosa hufika kwa msomaji, na anayeumia ni mtu aliye kizimbani ambaye bado hajahukumiwa.

Hakuna kipimo cha kawaida cha uongozi kinachonasa hasara hiyo. Idadi ya habari imepanda, video zimewekwa, tovuti imetembelewa, na kwenye karatasi mwandishi ameongeza tija. Mwandishi mwenyewe naye hulipa gharama. Johannes Siegrist, mtaalamu wa sosholojia ya afya, alieleza mwaka 1996 kwamba madhara ya kazi kwa afya hutokana na kutolingana kwa juhudi zinazotolewa na malipo yanayopokelewa, na katika malipo hayo alihesabu, pamoja na fedha, heshima na uhakika wa kazi, mambo mawili ambayo chumba cha habari kinachopungua huyapoteza mapema. Scott Reinardy, aliyewachunguza waandishi wa magazeti ya Marekani kwa miaka mingi, alikuta kwamba uchovu wa kazi, ile hali ya kuishiwa nguvu na kuacha kuamini kwamba kazi ina maana, ulikuwa ukiongezeka, na kwamba ulikuwa ukidhoofisha azma ya waandishi vijana ya kubaki katika taaluma.

Afrika Mashariki ina sura yake ya tatizo hili, kwa kuwa vyombo vingi hutegemea waandishi wa mikoani na wa kaunti wanaolipwa kwa kila habari inayotumika. Mwandishi wa namna hiyo halipwi kwa habari aliyoichunguza akagundua kwamba si ya kweli, ingawa huo huenda ndio utumishi mkubwa kuliko wote anaoweza kuwafanyia wasomaji. Kwa walioajiriwa, sheria ina cha kusema. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, inaweka taratibu za kupunguza wafanyakazi, pamoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Kifungu cha 38 cha sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri kutoa taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza. Ulinzi huo humwelekea zaidi anayeondoka. Ila kifungu cha 10 cha sheria ya Kenya kinataka mkataba ueleze kazi ya mwajiriwa, na mambo ya mkataba yanapobadilika, kinamtaka mwajiri aurekebishe kwa kushauriana na mwajiriwa na kumjulisha kwa maandishi. Waandishi wanaokabidhiwa kamera, tovuti na ukurasa wa michezo kwa kauli ya mdomo wangefaidika kukisoma.

Maandishi hayo yangekuwa na faida nyingine ya kikazi, nayo ni kumlazimisha mhariri mkuu kutaja kinachoondolewa. Kuongeza jukumu ni rahisi. Kufuta ukurasa, kuacha kuhudhuria mikutano ya waandishi isiyo na habari, au kutangaza kwamba habari za mahakamani hazitarushwa mtandaoni kabla mtu wa pili hajazisoma, ni uamuzi wenye gharama na unaomhitaji mwenye mamlaka. Asipoufanya yeye, kila mwandishi huufanya peke yake, saa 11 jioni, kwa kuamua ni simu ipi ya uthibitisho haitapigwa.