UALIMU WA KUJITOLEA: Siku yako miongoni mwa Watibeti wa McLeod Ganj

Kijana, tuseme umemaliza chuo, kazi bado haijapatikana, na rafiki amekutumia picha za milima yenye theluji akikwambia kuwa Watibeti wanatafuta walimu wa Kiingereza wa kujitolea. Mjomba ameahidi kusaidia na nauli. Usifunge begi kwanza. Hebu nikueleze siku zako zitakavyokuwa.

Kwanza kabisa, huendi Tibet. Wengi wa wanaojitolea hufundisha India, hasa katika mji mdogo wa McLeod Ganj, juu ya Dharamsala, jimbo la Himachal Pradesh. Dalai Lama aliikimbia Lhasa mwezi wa Machi 1959, na mwaka uliofuata akaweka makao yake hapa. Watu wake wakamfuata. Kwa hivyo unakwenda kufundisha wakimbizi, na wapo wengi waliozaliwa papo hapo India ambao hadi leo karatasi zao zinawaita wageni. Kama umewahi kufika Kakuma au Dadaab, hili halitakushangaza: mtu ana miaka 25 na hajawahi kuiona nchi anayoiita kwao.

Mambo ya safari tuyamalize haraka. India itakudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kuwa unatoka Kenya. Masharti ya viza yasome neno kwa neno, maana kazi ya kujitolea ina kanuni zake, na "mimi ni mtalii tu" si jibu la kumpa afisa. Kutoka Delhi ni basi la usiku, saa kumi hivi au zaidi, na zile kona za mwisho zitakukumbusha mteremko wa Tambach. Mshahara hakuna. Chumba na chakula ni juu yako.

Mji wenyewe uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo mtu wa Limuru hatahema. Januari ndiyo nyingine, usiende na kijaketi cha mtumba cha kupigia picha. Halafu Julai na Agosti ni mvua tu. Nguo hazikauki, vitabu vinaota ukungu, na tumbili wanasubiri usahau dirisha wazi wakupokonye ndizi.

Alfajiri utawaona wazee wakilizunguka hekalu huku wakihesabu shanga za sala. Nenda nao, ni matembezi mazuri, ila zunguka upande ule ule wanaozunguka wao, kama mshale wa saa. Ukialikwa nyumbani utapewa chai yenye siagi na chumvi. Ichukulie kama supu na utaimaliza. Ukiichukulia kama chai ya maziwa ya kwenu, pole. Kila ukipiga funda, mwenyeji anajaza tena. Kama imekutosha, acha kikombe kikiwa kimejaa, ukinywe wakati wa kuaga. Tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa, hukandwa kwa vidole na chai hiyo hiyo mpaka ukawa donge. Hapo wewe mla ugali utawafunza wazungu.

Darasa la mazungumzo mara nyingi huwa alasiri au jioni, watu wakishatoka kazini. Umbo la darasa lenyewe ni kituko: mtawa wa miaka 40 mwenye joho jekundu, mama anayeuza momo barabarani, na kijana anayengoja karatasi za kwenda Kanada, wote benchi moja. Watakuita "gen-la". Gen ni mwalimu, na hilo "la" ni la heshima. Una miaka 22 na mtu wa rika la babako anakuinukia. Zoea.

Ukiita majina, utashangaa Tenzin watano kuitika. Dalai Lama huyu anaitwa Tenzin Gyatso, na watoto anaowapa jina mwenyewe hupata Tenzin. Wengi hawana jina la ukoo. Wengine wameitwa kwa siku waliyozaliwa: Dawa ni Jumatatu, Lhakpa ni Jumatano, Pasang ni Ijumaa. Mtu wa pwani aliyekua na akina Juma na Khamis yuko nyumbani kabisa.

Kisha kuna suala la herufi "f". Kitibeti hakina sauti hiyo, kwa hivyo "coffee" itakuwa "kopi". Mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza kinywani hajui ulimi unakwama wapi. Wewe umetoka nchi ambayo watu wameshrabu tangu darasa la kwanza na bado wakawa mawakili. Hiyo ndiyo silaha yako, kwa maoni yangu kuliko cheti chochote. Waambie Kiingereza ni lugha yako ya tatu. Utaona mabega yakilegea.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Takriban kila kitabu cha Kiingereza kina somo la "Familia Yangu". Usilifungue ovyo. Hadi mwaka 2008, watu elfu mbili na zaidi walikuwa wakivuka Himalaya kila mwaka kupitia Nepal. Wengi walikuwa watoto, waliotumwa na wazazi wao pamoja na wavushaji ili wakasome Kitibeti na dini yao bila kizuizi. Baada ya hapo mpaka ukabanwa na idadi ikashuka sana. Wale watoto sasa ni watu wazima wanaokaa mbele yako. Ukimwuliza "Mama yako anapenda kupika nini?", unamwuliza kuhusu mtu ambaye huenda hajamwona kwa miaka 15 au 20. Mwache achague mwenyewe atamzungumzia nani: rafiki, mwalimu wa zamani, mama mlezi wa shuleni. (Shule ya Tibetan Children's Village ilianza mwaka 1960 na watoto 51, na hadi leo watoto wake hulelewa kwa nyumba, kila nyumba na mlezi wake.) Picha za darasa usiziweke TikTok. Kule Tibet kuna jamaa wanaoweza kuhojiwa kwa sababu ya uso mmoja uliotambuliwa.

Na kuna hili la kuondoka. Sisi Wakenya tunalijua kutoka upande wa pili: wageni wanakuja kwenye makao ya watoto, wiki mbili za nyimbo na picha, halafu kwaheri. McLeod Ganj ina hali iyo hiyo. Mwalimu mpya anaingia na kuanza tena na "Jina lako nani?", na yule mama wa momo, aliyejibu swali hilo mara kumi, anajibu tena kwa adabu. Kama una muda mfupi, usichukue darasa la sarufi. Kaa kwenye mazungumzo, ambapo mwenyeji ndiye mwalimu, nawe ni mtu wa kuongea naye tu. Na siku ya kwanza nunua daftari. Andika kila jioni mlipofika, nani ana aibu, nani anahitaji barua ya ubalozi, nani asiulizwe kuhusu nyumbani.

Ukimpigia mama saa moja jioni ya Nairobi, kwako itakuwa saa tatu na nusu usiku. Mwambie unakula vizuri.

Siku ya kuondoka watakuvisha khata, ile skafu nyeupe, pengine tano au sita kwa mpigo. Inamisha kichwa uzipokee. Daftari mwachie anayekuja.