Vifaru vya Watoto na Daraja la Kyaka

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba mtoto hahitaji fedha ili apate bunduki. Hukata uti wa jani la mgomba, akauchanja vipande kadhaa pasipo kuvitenga, akavisimamisha, kisha akavipitishia kiganja kwa nguvu. Husikika mlio wa ta-ta-ta, na aliyelengwa hana budi kuanguka. Asipoanguka, huzuka vita ya pili iliyo kali kuliko ya kwanza.

Wako wazazi wanaochukizwa na mchezo huo, nao wana sababu. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin ziliangusha mabomu Bukoba, na mwisho wa mwezi ule majeshi yake yakaivamia nchi iliyo kati ya mpaka na Mto Kagera, yakaua na kupora, na maelfu ya watu wakakimbilia kusini. Hata hivyo sisi hatuulaumu mgomba. Tuna neno zaidi juu ya michezo ya kuunganisha vipande vya plastiki.

Kampuni ya LEGO ya Denmark, ambayo tofali lake la leo lilipata hataza mwaka 1958, imekataa kuunda zana za vita vya kisasa. Mwaka 2020 iliondoa sanduku la ndege ya Osprey lililokuwa tayari kuuzwa. Cobi ya Poland haina mwiko huo: huuza vifaru vya T-34 na Sherman, vyenye minyororo na mnara. Mtoto aundaye kifaru hicho hujifunza mengi, wala hatumkatazi. Kasoro tunayoiona ni kwamba vita vya sandukuni havina mto.

Vita vya Kagera vilikuwa nao. Novemba 1978 wavamizi walilivunja Daraja la Kyaka, na papo hapo vifaru vyetu vikawa chuma kilichosimama ukingoni. Mizinga na makombora yaliweza kurushwa ng'ambo. Jeshi zima halikuweza kurushwa. Kilicholivusha mwezi ule ule ni daraja la Bailey, lililobuniwa na mhandisi Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nalo, ukilitazama vema, ni mchezo wa kuunganisha vipande uliokuzwa. Fremu zake zote ni sawa: urefu wa mita 3, uzito wa kilo 260 hivi, mzigo wa watu sita. Huunganishwa kwa pini, na daraja husukumwa juu ya magurudumu toka ukingo mmoja hadi wa pili, bila winchi wala nguzo mtoni. Mzigo ukizidi, huongezwa safu ya fremu ubavuni au juu. Amani ikirudi, daraja hufunguliwa na kupelekwa penye mafuriko yaliyokata barabara, kazi ambayo kifaru hakiiwezi.

Basi kwa nini mtoto wa Muleba aachiwe bunduki peke yake? Mwalimu anayetaka kujaribu atahitaji mabua ya mtama, miiba iwe pini, na mfereji nyuma ya darasa. Watoto wajigawe pande mbili kama wapendavyo, na upande utakaovuka kwanza ukiwa na jiwe la kilo 2 juu ya daraja lake, ndio ulioshinda.