Kuku akizubaa, tambua maradhi kabla ya kutafuta dawa

KUKU wa kienyeji anapojikunyata pembeni mwa boma, manyoya yakiwa yamesimama na macho nusu yamefumbwa, wafugaji wengi huchukua hatua mbili: kumchinja, au kumkimbiza sokoni kabla hajafa. Hatua ya pili ndiyo inayosambaza maradhi kutoka kijiji kimoja hadi kingine.

Lililo muhimu kwanza ni kumtenga mgonjwa, kumpa maji safi na kivuli, kisha kuchunguza kinyesi, pumzi na kichwa chake.

Kinyesi kikiwa cha kijani, kuku akikoroma, mbawa zikilegea na shingo kupinda, huku wenzake wakifa kwa wingi katika siku chache, huenda huo ni ugonjwa wa Newcastle, ambao pia huitwa kideri au mdondo. Ugonjwa huu husababishwa na virusi na hauna tiba. Maji ya mshubiri au pilipili hayaui virusi, wala viuavijasumu haviviwezi. Kinga pekee ya kutegemewa ni chanjo. Kwa kawaida tone moja hutiwa jichoni, na kuku wa kienyeji huchanjwa tena kila baada ya miezi 3 hivi. Chanjo hutolewa kwa kuku wenye afya, na sharti ihifadhiwe kwenye baridi jinsi mtengenezaji anavyoagiza.

Vifaranga wa wiki 3 hadi 6 wakihara damu, yaelekea wana koksidiosisi, ugonjwa unaoletwa na vimelea vinavyostawi kwenye matandiko yenye unyevu. Huu hutibika. Dawa ya amproliamu hutiwa katika maji ya kunywa kwa siku 5 hadi 7, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na matandiko hubadilishwa.

Vinundu na magamba kwenye upanga na kope ni ishara ya ndui ya kuku, ambayo hasa huenezwa na mbu. Vidonda husafishwa kwa ayodini, na kuku wengi hupona wenyewe.

Homa ya matumbo ya kuku ndiyo inayowachanganya wengi, kwani nayo huleta kinyesi cha manjano au kijani. Hii husababishwa na bakteria, hivyo daktari wa mifugo aweza kuagiza kiuavijasumu. Hata hivyo, kuku aliyepona huweza kuendelea kueneza vijidudu.

Kutokana na mfanano huo, anayepoteza kuku kadhaa kwa ghafla anashauriwa kumwarifu afisa wa mifugo, na kupeleka mzoga ambao haujaoza katika maabara ya mifugo, kama zile za Kabete, Karatina au Mariakani. Mizoga mingine ichomwe au izikwe kwenye shimo refu, isitupiwe mbwa.

Aidha, nyama na mayai ya kuku anayetibiwa yasiliwe wala kuuzwa hadi siku zilizotajwa kwenye dawa zitimie.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayemuuza kuku mgonjwa leo hufidia shilingi chache, lakini kesho jirani huweza kupoteza banda zima.