Kuandaa Seva ya Mchezo wa Pamoja kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Vijana wengi siku hizi hucheza michezo ya kompyuta kwa pamoja: kila mmoja yuko kwenye mashine yake, lakini wote wamo ndani ya ulimwengu mmoja wa mchezo. Ni wachache wanaojiuliza ulimwengu huo unakaa wapi. Unakaa kwenye kompyuta fulani, na kompyuta hiyo ina mwenyewe. Mwenyewe huyo ndiye anayeamua nani aingie, nini kiruhusiwe na mchezo ufungwe saa ngapi. Makala hii inaeleza jinsi mzazi, mlezi wa vijana au kijana mwenyewe anavyoweza kushika nafasi hiyo kwa kutumia kompyuta iliyopo nyumbani. Mfano tutakaoutumia ni Minecraft, toleo la Java, mchezo wa kujenga kwa matofali uliotengenezwa na kampuni ya Mojang ya Stockholm, Sweden.

1. Seva ni nini?

Seva ni programu inayotunza hali halisi ya mchezo. Mchezaji anapobonyeza kitufe, kompyuta yake hutuma ombi: nataka kupiga hatua, nataka kuvunja tofali hili. Seva hupokea ombi, huliamua, kisha huwajulisha wote yaliyotokea. Seva ya Minecraft hufanya hesabu hiyo mara 20 kwa sekunde, yaani ina milisekunde 50 tu kwa kila mzunguko. Utaratibu huu una historia ndefu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika MUD, mchezo wa maneno matupu ambao watu wengi waliucheza kwa wakati mmoja. Richard Bartle akauendeleza.

Ziko njia mbili za kucheza pamoja. Ya kwanza, mchezaji mmoja huufungua ulimwengu wake kwa wenzake walio kwenye mtandao huohuo; akiondoka yeye, wote wametoka. Ya pili ni seva maalumu. Hiyo hujiendesha yenyewe bila kuchora picha yoyote, kwa hiyo haihitaji kadi ya michoro, na ulimwengu hubaki wazi hata aliyeiwasha akiwa amelala.

2. Kwa nini iwe nyumbani?

Sababu ya kwanza ni umbali. Nuru ndani ya nyaya za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 6,800. Basi ujumbe wa kwenda na kurudi hauwezi kuchukua chini ya milisekunde 68, na kwa kuwa nyaya hazinyooki, kwa kweli huchukua zaidi. Ndani ya nyumba moja, ujumbe huohuo huchukua milisekunde chache tu.

Sababu ya pili ni usimamizi. Kwenye seva ya watu usiowajua, mtoto huongea na yeyote aliyeingia. Kwenye seva ya nyumbani, majina yote unayajua.

3. Mahitaji

Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha kwa kikundi cha watu wachache, ukiitengea seva GB 2. Diski ya SSD husaidia, maana seva husoma na kuandika vipande vya ulimwengu muda wote. Pendelea waya kuliko Wi-Fi kati ya kompyuta na ruta.

Usisahau umeme. Kompyuta inayokula wati 60 ikiwashwa saa 24 hutumia uniti 1.44 kwa siku, yaani uniti 43 hivi kwa mwezi. Laptopu inayokula wati 20 hutumia theluthi ya hizo, tena betri yake huipa uhai umeme unapokatika. Ni busara pia kupanga saa za mchezo, mathalani jioni mbili kwa wiki, kuliko kuiacha iwake mchana na usiku.

4. Hatua za kuiwasha

Kwanza, sakinisha Java. Matoleo ya Minecraft kuanzia 1.20.5, lililotoka mwaka 2024, yanahitaji Java 21 au mpya zaidi. Java ikiwa ya zamani, seva haitawaka kabisa.

Pili, pakua faili la seva kutoka tovuti rasmi ya Minecraft. Faili hili ni la bure; kinachonunuliwa ni mchezo wenyewe, kwa kila mchezaji. Liweke ndani ya folda yake peke yake na uliite server.jar.

Tatu, fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo, kisha andika:

java -Xms1G -Xmx2G -jar server.jar nogui

Namba ya kwanza ni kumbukumbu ya kuanzia, ya pili ni kikomo. Neno la mwisho linaizuia seva kufungua dirisha lake la picha.

Nne, mara ya kwanza seva itajizima yenyewe baada ya kuunda mafaili kadhaa. Hiyo si hitilafu. Fungua faili la eula.txt, soma masharti yanayotajwa humo, na ukiyakubali badilisha eula=false iwe eula=true. Kisha iwashe upya.

Tano, fungua server.properties. Humo ndimo kanuni za nyumba zinapoandikwa. Kipengele cha max-players huweka idadi ya wachezaji. Kwa kawaida ni 20. Kipengele cha view-distance huamua mchezaji aone mbali kiasi gani, na kwa kawaida ni 10. Maana yake ni vipande 10 kila upande pamoja na alichosimama, yaani 21 mara 21, jumla 441 kwa kila mchezaji. Ukishusha hadi 6, vipande huwa 169. Kwa kompyuta dhaifu, badiliko hilo moja hupunguza mzigo kwa kiasi kikubwa. Ukiona seva inaandika "Can't keep up!", ujue imezidiwa na haiwezi tena kumaliza mizunguko yake 20 kwa sekunde.

Sita, tafuta anwani ya kompyuta hiyo. Kwenye Windows andika ipconfig. Kwenye Linux andika ip addr. Nyumbani mara nyingi huanza na 192.168. Mchezaji aliye kwenye mtandao huohuo ataiandika anwani hiyo kwenye mchezo wake na kuingia. Akishindwa, kagua kama ulinzi wa Windows umeiruhusu Java kupokea wageni kwenye mtandao wa nyumbani. Kwenye mipangilio ya ruta, iagize impe kompyuta hiyo anwani ileile siku zote, la sivyo kesho itabadilika na watu watapotea.

5. Wachezaji walio nje ya nyumba

Hapa ndipo wengi hukwama. Anwani ya 192.168 haijulikani nje ya nyumba yako. Mgeni wa mbali hubisha kwenye anwani ya ruta, na ruta haijui ampeleke wapi mpaka uielekeze: anayekuja kwenye lango namba 25565, kwa itifaki ya TCP, apelekwe kwenye kompyuta ya seva.

Hata hivyo, kampuni nyingi za intaneti, hasa za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Kulipima jambo hili ni rahisi. Tazama anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ukurasa wa ruta, kisha ilinganishe na ile inayoonekana na tovuti za kupima anwani. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kufungua lango kwenye ruta yako hakutasaidia kitu, maana mbele yake kuna ruta nyingine isiyo yako.

Hapo kuna njia mbili. Unaweza kuiomba kampuni ikupe anwani yako mwenyewe ya hadharani, kwa kawaida kwa malipo ya ziada. Au unaweza kutumia programu kama Tailscale au ZeroTier, zinazounganisha kompyuta zilizo mbalimbali kana kwamba zimo ndani ya nyumba moja. Zote zina mpango wa bure kwa kikundi kidogo. Njia hii ya pili naipendekeza hata kwa mwenye anwani ya hadharani, kwa sababu haifungui lango lolote kwa dunia nzima. Anayeingia ni yule tu uliyemwalika.

6. Ulinzi

Lango lililofunguliwa kwenye intaneti hubishiwa hodi na programu zinazozunguka mchana na usiku zikitafuta pa kuingilia. Mwezi Desemba 2021 iligunduliwa kasoro kwenye Log4j, sehemu ya programu inayotumiwa na Minecraft kuandikia kumbukumbu za matukio. Mtu aliweza kuandika sentensi moja kwenye maongezi ya mchezo na kuifanya seva itekeleze amri zake. Kompyuta hiyo ikiwa ndiyo yenye picha za familia na hati za baba, hasara haiishii kwenye mchezo. Mojang walitoa toleo la 1.18.1 mwezi huohuo kuziba ufa. Kwa hiyo zingatia haya:

- Sasisha seva, Java na mfumo wa kompyuta kila toleo jipya linapotoka.
- Fungulia seva akaunti yake kwenye kompyuta, isiyo na mamlaka ya msimamizi.
- Weka white-list=true, kisha mwongeze kila mchezaji kwa amri ya whitelist add ikifuatwa na jina lake. Asiye kwenye orodha hataingia.
- Acha online-mode=true. Ukiizima, mtu yeyote anaweza kuingia kwa jina la mwingine, hata jina lako wewe msimamizi.
- Amri ya op humpa mtu madaraka yote ya mchezo. Mpe mmoja au wawili mnaoaminiana.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Folda ya logs huhifadhi kila kilichosemwa kwenye maongezi, pamoja na anwani za wachezaji. Hizo ni habari za watu, wengine wakiwa watoto. Usizisambaze, na waeleze wachezaji na wazazi wao tangu mwanzo kwamba zinahifadhiwa.

7. Utunzaji

Zima seva kwa kuandika stop, si kwa kufunga dirisha wala kuchomoa waya. Amri hiyo huandika kila kitu kwenye diski kwanza. Umeme ukikatika ghafla, kazi ya dakika za mwisho huweza kupotea, na mara nyingine kipande cha ulimwengu huharibika. Kwa hiyo, kila wiki zima seva na unakili folda ya world kwenye diski nyingine. Kijana aliyejenga mji kwa miezi mitatu hatafarijika kwa kuambiwa kwamba ni mchezo tu.

8. Kwa wasio na fedha au intaneti

Kununua akaunti ya Minecraft kwa kila kijana ni gharama, na seva yenye online-mode=true huhitaji intaneti ili kuhakiki majina. Kikundi kisicho na uwezo huo kitazame Luanti, iliyoitwa Minetest hadi mwaka 2024. Ni programu huria ya bure iliyoanzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola wa Finland. Seva yake hutumia lango namba 30000 kwa itifaki ya UDP na hutunza yenyewe majina na nywila za wachezaji. Ruta moja isiyo na kifurushi chochote, laptopu moja ya seva na kompyuta chache zinatosha kuwakutanisha vijana ukumbini.

Hitimisho

Anza kidogo. Wiki ya kwanza, iwashe seva na uingie wewe peke yako. Wiki ya pili, waingize watu wa nyumba hiyo. Ukishajua kuizima vizuri, kunakili ulimwengu na kuurudisha, ndipo uwaalike wa mbali. Kabla ya kuwaalika, kaeni pamoja muandike kanuni: saa za kucheza, lugha inayokubalika, na adhabu ya anayebomoa kazi ya mwenzake. Kompyuta itatekeleza orodha ya majina bila kuchoka, lakini haitajua kwamba mtoto fulani ananyanyaswa kwenye maongezi. Hilo litaonwa na mwenye seva, kama anaingia mara kwa mara na kukaa na wachezaji wake.