Kaburi la Liuli na Kibanda cha Mahoka

Atokaye Mbamba Bay kwenda kaskazini hupita Liuli kabla hajafika Ngumbo. Hapo Liuli amezikwa William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana wa shirika la UMCA aliyefariki mwaka 1928, baada ya kuhudumu kandokando ya Ziwa Nyasa kwa zaidi ya miaka 40. Jicho moja lilipofuka na la pili likadhoofu, naye akaendelea kuzunguka vijijini. Alitafsiri Biblia kwa Kinyanja, kazi kubwa, ila wazee wengi wa zama zile hawakujua kusoma. Walichoweza kukikagua ni mwenendo wa mtu huyo: analala wapi, anakula nini, njaa ikiingia anaondoka au anabaki. Alibaki. Naamini kubaki kule kuliwaeleza habari za Mungu wake zaidi kuliko mahubiri yoyote.

Ng'ambo ya milima ya Umatengo, kule Ungoni, ushahidi ulikuwa wa namna nyingine. Padri Franziskus Leuthner, Mbenediktini wa Peramiho, alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi (chifu) Mputa Gama, mahali Wangoni walipowaheshimu mizimu wao. Padri bila shaka aliona anamtumikia Mungu wa kweli. Mputa aliona mgeni ameingia nyumbani kwa watu na kiberiti. Vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni mwaka 1905, Peramiho ilichomwa na padri huyo akauawa. Februari 27, 1906, Wajerumani walimnyonga Mputa na wenzake mjini Songea, na wengi wao walibatizwa kabla ya kupelekwa kitanzini. Jamaa zao waliona msalaba na kamba siku ile ile. Kwa mtu aliyesimama pale, kutenganisha Mungu wa padri na serikali ya Mjerumani kulihitaji elimu ambayo hakuna aliyempa.

Kuna watakaosema Mungu hapimwi kwa binadamu, na kwamba Kanisa ni la wakosefu. Kiimani sina ubishi. Lakini hoja hiyo humfaa aliyekwisha kuamini; aliye nje hana Mungu mwingine wa kumtazama isipokuwa yule anayeletwa na jirani yake. Paulo mwenyewe aliwalaumu Wayahudi waliojivunia Torati kwamba kwa matendo yao jina la Mungu linatukanwa kati ya mataifa. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mbona baada ya vita Wangoni waliingia Ukristo kwa wingi, ikiwa mwenendo mbaya hufukuza watu? Walishindwa vita, njaa ikawamaliza, na shule zilikuwa za misheni. Wengine pia waliletwa na walimu na makatekista weusi, wenyeji waliojulikana tabia zao tangu utotoni, ambao majina yao hayapo kwenye mabamba ya makanisa. Idadi ya waliobatizwa haitwambii walimdhania Mungu kuwa nani.

Leo hapa kwetu Ngumbo kumejaa Wakristo, kwa hiyo huyo wa nje ni nani? Ni mchuuzi Mwislamu anayefuata usipa, na ni kijana aliyebatizwa mchanga ambaye haonekani tena kanisani. Mchuuzi anaijua kwaya, lakini analijua zaidi debe lililobonyezwa kitako na mwanakwaya. Kijana anajua fedha za ujenzi wa kanisa zilivyopungua na mtunza hazina alivyopumzishwa kimyakimya, eti kulinda jina la Kanisa. Hapa sikubaliani kabisa na wazee wetu. Kosa la mtu mmoja lingebaki lake. Likifichwa na kikao kizima, limekuwa la wote, na kijijini halifichiki hata hivyo. Tena michango ile hutoka kwa wengi: Waislamu hutoa mifuko ya saruji, wasiosali husomba mchanga na mawe. Hesabu ikisomwa, isomwe nje ya kanisa, na hao nao waitwe waulize.